Boga na Ua Lake: Hoja ya Kumfundisha Mtoto Mdogo Ukuaji wa Mmea Hadi Mwisho

Katika shule nyingi somo la mimea kwa watoto wadogo halibadiliki: punje chache za maharage, pamba iliyoloweshwa, chupa iliyokatwa nusu, na dirisha lenye mwanga. Baada ya siku chache punje hupasuka, mzizi hushuka, majani mawili hufunguka, watoto hushangilia, na mwalimu huandika ubaoni kwamba mbegu huhitaji maji, hewa na joto ili iote. Wiki ya pili au ya tatu mche umerefuka kama uzi, umepauka na kulala, na chupa imekwenda jalalani. Somo limekwisha. Hakuna anayeuliza mche ule ulikuwa unaelekea wapi, wala punje za kwanza zilitoka wapi kabla ya kufika dukani. Hoja yangu ni kwamba somo la namna hiyo humpa mtoto nusu ya habari na kumnyima nusu inayoifafanua. Nusu inayokatwa ni ile ya ua na tunda, na mmea unaofaa kuliko mingine kuirudisha darasani kwetu ni boga. Wahenga walisema ukipenda boga upende na ua lake. Wao walikuwa na mambo ya ndoa na jamaa akilini, lakini mwalimu wa sayansi anaweza kuichukua methali hiyo kama ilivyo, bila kuitafutia mafumbo.

Kwanza tumtazame mtoto mwenyewe: anajua nini kabla hatujamfundisha? Mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget, katika kazi zake za miaka ya 1920, aliwauliza watoto ni vitu gani vina uhai, akakuta kwamba wadogo huupa uhai karibu kila kinachojongea: jua, upepo, mto, baiskeli. Kwa kipimo hicho mmea, usiobanduka ulipo, uko mashakani. Matokeo hayo ni rahisi kuyasoma kama hukumu: kwamba mtoto wa miaka mitano hawezi kuufikiria mmea kama kiumbe hai, basi atosheke na kuchora ua na kulipaka rangi. Uchunguzi wa baadaye umeilegeza hukumu hiyo. Mwaka 1995 Anne Hickling na Susan Gelman, nchini Marekani, walionyesha kwamba watoto wa umri wa miaka minne na nusu hivi wanaelewa kuwa mbegu hutoka kwenye mmea wa jinsi yake na huotesha mmea wa jinsi hiyo hiyo, na kwamba kinachoikuza si kazi ya mkono wa mtu bali mambo ya asili kama mvua na jua. Mwaka uliofuata Kayoko Inagaki na Giyoo Hatano wa Japani walionyesha kwamba watoto wa miaka mitano huuona mfanano kati ya mnyama na mmea pale wanapoulizwa kuhusu kukua na kuhitaji chakula au maji, hata kama neno "uhai" lenyewe bado linawatatiza. Kumbe akili ya kulipokea somo hili ipo. Kinachopungua ni kitu cha kuifanyia kazi akili hiyo kwa muda wa kutosha.

Huo muda wa kutosha nao una ushahidi wake. Inagaki alikuwa amechapisha, mwaka 1990, uchunguzi wa watoto wa chekechea waliofuga samaki wadogo wa dhahabu nyumbani, akawalinganisha na wasiofuga. Kwamba wafugaji walijua zaidi habari za samaki wao si ajabu. Jambo kubwa ni kwamba walipoulizwa habari za chura, mnyama ambaye hawakumfuga, walijibu kwa kupima kutoka kwa samaki: hataweza kubaki mdogo milele, kwa sababu naye hula na hukua kama samaki wangu. Yaani kumtunza kiumbe mmoja kwa muda mrefu kuliwapa kipimo cha kuwapimia wengine. Angalieni sasa maharage yetu ya kwenye pamba. Hayatunzwi, hutazamwa tu. Hayapati nafasi ya kumwambia mtoto kwamba alisahau maji juzi. Hufa kwa sababu yamewekwa mahali pasipo udongo, na watoto wanaozoea kuona kila mche wa darasani ukifa wanaweza kujifunza, bila mtu kukusudia, kwamba mmea wa shule ni kitu cha kuonyesha na kutupa. Sidai kwamba pamba haina kazi. Ni njia nzuri ya kuuona mzizi, ambao udongo huuficha. Nadai kwamba ni ukurasa wa kwanza, na sisi tumeufanya kitabu kizima.

Kwa nini boga? Mbegu yake ni kubwa kiasi cha kushikwa na vidole vya mtoto wa miaka minne, kuhesabiwa, kupangwa na kuchorwa kwa ukubwa wake halisi. (Ni kubwa pia kiasi cha kukwama puani; kwa walio chini ya miaka minne mwalimu agawe moja moja na azikusanye.) Huota kwa siku tano hadi kumi hivi udongo ukiwa na joto, na huota kwa namna inayoonekana: shina changa hujikunja, huvuta majani mawili ya mbegu kutoka ardhini, na mara nyingi ganda hubaki limeyashikilia kwa siku moja mbili kabla halijadondoka. Majani hayo mawili ya kwanza ni manene, laini, ya duara refu, hayafanani na majani makubwa yenye vinyweleo yanayofuata, na mtoto mwenye macho atauliza kwa nini. Jibu analoliweza ni kwamba yale ndiyo chakula kilichofungashwa ndani ya mbegu, kile kile anachokitafuna akibangua mbegu za boga zilizokaangwa. Kisha mmea hutambaa. Katika wiki zake za nguvu shina husogea kwa kiasi kinachopimika kila siku, kwa hiyo kijiti kilichochomekwa penye ncha yake Ijumaa kitakuwa kimeachwa nyuma waziwazi Jumatatu. Mimea michache humwonyesha mtoto ukuaji kwa kasi anayoweza kuistahimili. Mwembe humtaka awe mzee kwanza.

Lakini sababu kubwa kuliko hizo ni ua. Maharage huwa na ua dogo ambalo mara nyingi hujichavusha kabla halijafunguka, hivyo hakuna cha kumwonyesha mtoto. Mahindi yana sehemu ya kiume kileleni na ya kike ubavuni, lakini chavua yake hupeperushwa na upepo, na vumbi lile ni vigumu kwa mtoto kulihusisha na punje. Boga limeyaweka mambo yote hadharani. Mmea mmoja hutoa maua ya aina mbili, makubwa, ya manjano, yanayoonekana bila kioo cha kukuzia. Ua dume hukaa juu ya kikonyo kirefu chembamba, na katikati yake kuna kinundu kimoja chenye unga wa manjano unaobaki kidoleni ukiugusa. Ua jike hukaa karibu na shina, na chini ya petali zake tayari kuna kiboga kidogo cha kijani. Mtoto anayekiona kiboga kile chini ya ua, kabla petali hazijafunguka, amepata jawabu la swali ambalo pamba isingelijibu hata kwa mwaka mzima: tunda hutoka wapi. Maua dume hutangulia kwa siku kadhaa, hata wiki, ndiyo maana watu hulalamika kwamba mmea wao "unatoa maua tu" nayo huanguka bila kuzaa. Mwalimu asiyejua hilo atawaambia watoto mmea ni mgonjwa, na huenda akaung'oa. Anayejua atawaambia wahesabu maua dume na wasubiri la kike la kwanza, na hapo kusubiri kwenyewe kutakuwa sehemu ya somo.

Ua la boga hufunguka alfajiri na hufungika kabla ya adhuhuri, kisha halifunguki tena. Mwalimu anayeliweka somo la mazingira baada ya mapumziko ya saa nne ana hatari ya kuwapeleka watoto kuangalia maua yaliyosinyaa. Somo hili linataka kipindi cha kwanza, asubuhi ile ambayo nyuki nao wako kazini, na watoto wasimame hatua chache pembeni wakiwatazama wakiingia ua moja na kutoka lingine, migongo imepakaa manjano. Chavua ya boga ni nzito na inanata. Upepo hauwezi kuibeba, kwa hiyo pasipo nyuki au mkono wa mtu boga halifungi. Hili ndilo linalowezesha jaribio ambalo kwa maoni yangu lina thamani kuliko makopo yote ya pamba. Jioni, darasa litafute maua jike yanayotarajiwa kufunguka kesho, ambayo ncha zake zimeanza kugeuka manjano. Baadhi yafungwe kwa vifuko vya kitambaa chepesi, mengine yaachwe wazi yakiwa na alama ya uzi. Asubuhi, kwenye moja au mawili kati ya yaliyoachwa wazi, mwalimu achume ua dume, azichane petali zake na kuusugua unga katikati ya ua jike mbele ya watoto. Vifuko vitolewe baada ya maua kufungika, kisha darasa lingoje. Kiboga kilichopata chavua kitaanza kuvimba ndani ya siku chache. Kile cha ndani ya kifuko kitageuka manjano, kitanyauka na kuanguka.

Hapo mwalimu awe mwangalifu, kwa sababu ndipo tunapoweza kufundisha uongo kwa nia njema. Mmea wa boga hudondosha pia baadhi ya viboga vilivyochavushwa vizuri, hasa ukiwa na matunda mengine ya kulisha au ukikosa maji. Ua moja lililofungwa likianguka halijathibitisha lolote, na ua moja lililo wazi likianguka halijapinga lolote. Ndiyo maana nimesema maua, si ua. Mtoto wa darasa la kwanza hajui neno "sampuli" na hana haja nalo, lakini anaelewa kabisa ukimwambia: tulifunga matano, yakaanguka matano, tukaacha wazi matano, yakabaki matatu, basi tunasemaje? Hesabu hizo ni mfano wangu tu, na darasa lako litapata za kwake. Mwalimu aandike ubaoni zilizotokea, si zilizotarajiwa. Kama vifuko vyote vilipasuliwa na kuku, aandike hivyo. Inzi wa matunda wanaweza kutoboa viboga vichanga na kutaga mayai ndani, ubwiri unga unaweza kuyafanya majani yawe kama yamemwagiwa unga wa ngano, na mbuzi wa jirani anaweza kumaliza mjadala wote kwa dakika tano. Kuna kishawishi cha kuupandikiza mche mwingine usiku ili watoto wasihuzunike. Tukifanya hivyo tunawaondolea ushahidi. Kiboga kilichooza kikipasuliwa na kukutwa na funza ni somo kamili, na watoto huliangalia kwa hamu kuliko picha yoyote ya ukutani.

Sasa nije kwenye pingamizi, na la kwanza ni muda. Boga huchukua siku 90 hadi 120 hivi tangu kupandwa hadi kukomaa, na muhula una likizo katikati. Pingamizi hili ni la haki, lakini linajibika kwa kalenda. Katika mikoa yenye msimu mmoja wa mvua, kama Dodoma, Singida, Iringa, Mbeya na Ruvuma, shule zinapofunguliwa Januari mvua ziko katikati yake. Mbegu ikiingia ardhini wiki za mwanzo, maua yatakuwapo Machi na maboga yatakuwa yamekomaa kabla ya likizo ya Juni. Pwani na kaskazini, ambako masika huanza Machi, kupanda mwanzoni mwa mwezi huo kunaleta maua Aprili na Mei, na tunda la kwanza huikaribia sana likizo. Hata likichelewa, boga lililokomaa halina haraka: ganda likishakuwa gumu na kikonyo kukauka, hukaa wiki nyingi chini ya kivuli bila kuharibika. Wala somo halili siku 90 za ratiba. Linataka dakika chache za kutazama mara mbili au tatu kwa wiki, na vipindi vizima vinne au vitano tu: kupanda, kuota, ua, kuchuma, kupasua. Tunaogopa urefu wake kwa sababu tumezoea somo linaloanza na kwisha kengele mbili zikiwa zimelia.

La pili ni nafasi na idadi. Shule za mjini zina ua wa saruji, na darasa la awali lenye watoto mia na zaidi si jambo geni. Boga linatambaa, na shina moja linaweza kuchukua mita kadhaa. Lakini pia lina vikono vyembamba vinavyojisokota kwenye chochote, na likielekezwa hupanda uzio wa senyenge au kamba. Kiroba cha kilo 50 kilichojazwa udongo na samadi iliyooza kinatosha kulisha shina moja, ilimradi maji yasikosekane. Mashina manne kwa watoto mia, kila kundi na lake, ni bora kuliko makopo mia yasiyofika popote, maana mtoto anayemiliki kopo huangalia kopo lake, na watoto 25 wanaomiliki shina hulazimika kuzungumza: nani amemwagilia, nani ameona ua, kwa nini lenu limetangulia. Mbegu hazina gharama. Zitolewe kwenye boga lililokomaa vizuri kutoka sokoni, zioshwe, zianikwe kivulini. Zile za madukani zilizopakwa dawa yenye rangi nyekundu au ya kijani zisiingie katika mikono ya watoto kabisa.

Wengine watasema kazi yetu ni KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), na mkaguzi hataulizia maboga. Mtaala wa Elimu ya Awali wa mwaka 2016 wa Taasisi ya Elimu Tanzania uliweka kutunza mazingira na dhana za kihisabati pamoja na kuwasiliana miongoni mwa umahiri wa kujengwa, na jirani zetu wa Kenya, katika mtaala wa umilisi ulioanza kutumika nchini kote mwaka 2019, wana Shughuli za Mazingira tangu madarasa ya chini. Kwa hiyo boga halivamii mtaala wa mtu. Zaidi ya hapo, hebu tuhesabu. Watoto wakipima shina kwa kamba na kulinganisha kamba ya wiki hii na ya wiki iliyopita, wanafanya vipimo. Wakiandika "Leo ua jike limefunguka" chini ya mchoro, wanaandika sentensi yenye maana kwao, tofauti na ile ya kunakili ubaoni. Wakipasua boga na kupanga mbegu mafungu ya kumi kumi, watakuta zinapita mia, mara nyingi mia kadhaa, na kwa mara ya kwanza namba kubwa itakuwa na uzito mikononi mwao. Kitu kimoja kiliingia ardhini, mamia yametoka. Sijui hesabu ya kuzidisha inayoeleweka haraka kuliko hiyo.

Pingamizi zito zaidi kwangu ni la wazazi na walimu wa vijijini: mtoto wa mkulima anajua boga. Analiona kati ya mahindi kila msimu, anatumwa kuchuma msusa (majani machanga ya boga), anakula boga la nazi wakati wa futari au boga la kuchemsha na chai asubuhi. Shule ina nini cha kumwongezea, kama si kumrudisha kwenye jembe ambalo wazazi wanamsomesha ili aliache? Pingamizi hili lina historia. Mwalimu Julius Nyerere alipotoa andiko la Elimu ya Kujitegemea Machi 1967, alitaka kila shule iwe na shamba au karakana, na alitaka wanafunzi wenyewe washiriki kuamua na kupanga. Kwa wengi waliosoma baadaye, kilichobaki cha wazo hilo ni jembe bila uamuzi: kulima kama zamu, au kama adhabu ya kuchelewa. Mzazi anayekunja uso akisikia "shamba la shule" ana sababu zake. Ndiyo maana nasisitiza kwamba boga la darasani si mradi wa chakula wala wa fedha, na mtoto asipewe jembe juu yake kwa kosa lolote. Kuhusu kujua, kuna tofauti ya kuzoea na kueleza. Wako watu wazima waliokula maboga maisha yao yote na bado huyavunja maua dume wakiyaita maua ya bure. Mtoto anayechuma msusa kila siku anaweza asijue kwamba kila ncha anayoikata hupunguza majani yanayolisha tunda. Darasa likiamua shina lipi ni la kuchuma msusa na lipi ni la boga, kisha likalinganisha mazao, limemrudishia mtoto wa mkulima elimu ya nyumbani kwao ikiwa na sababu zake, na pengine jioni atakuwa na jambo la kumweleza bibi yake, au la kumuuliza. Bibi huyo, kwa njia, ni mwalimu mgeni asiyelipwa, na shule zenye busara zitamwita.

La dume na jike sitalikawiza. Wapo wanaohofu kwamba maneno hayo yatawafungulia watoto mlango usio wa umri wao. Mtoto anayeishi na majogoo na matetea ameshayasikia. Tukimwambia kwamba unga wa ua hili ukifika kwenye ua lile boga hukua, tumemwambia ukweli wote anaouhitaji kuhusu boga. Akiuliza zaidi ya hapo, ajibiwe kuhusu boga.

Linalostahili tahadhari zaidi ni kutaka kusema mengi mno. Nimeona mapendekezo ya masomo yanayotaka mtoto wa miaka sita aeleze kwa nini majani ni ya kijani na jinsi mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga. Tukumbuke historia ya sayansi yenyewe. Jan Baptista van Helmont wa Brussels, katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1648, alieleza jinsi alivyopanda mche wa ratili 5 katika ratili 200 za udongo mkavu, akaumwagilia maji tu kwa miaka 5, ukafika ratili 169, na udongo ukawa umepungua wakia 2 tu. Alithibitisha kwamba mti hauli udongo, kisha akahitimisha kwamba umetokana na maji peke yake. Hapo alikosea, kwa sababu hewa hakuihesabu. Kama mtaalamu mwenye mizani alisimama njiani, mtoto hana deni la kufika mwisho. Akisema boga hula udongo, mwalimu asimkatize wala asimpe neno gumu la kukariri. Amuulize: mbona shimo halijaongezeka kwenye kiroba chetu? Swali likae. Atakutana na jibu lake darasa la tano au la sita, naye atakuwa na kitu cha kulipachikia. Picha za ukutani nazo zifuate mmea, zisiutangulie. Kadi nyingi za maduka zimechorwa kwa ajili ya nchi ambako boga huvunwa Oktoba na huwa la rangi ya chungwa, duara, lenye mikunjo. Yetu ni ya kijani, ya kijivu, ya madoadoa, marefu, bapa, yenye shingo. Watoto wakichora hatua za mmea wao wenyewe, shule itakuwa na kadi zisizouzwa dukani.

Siku ya kupasua ndiyo isiyopaswa kurukwa, hata muhula ukibana kiasi gani. Kabla ya kisu, kila mtoto awe ameshika mbegu moja iliyobaki kwenye fungu la kupandia. Boga likifunguka, alinganishe. Kwamba kilichomo ndani ni kile kile kilichoanza ndilo jambo ambalo Hickling na Gelman walilikuta likichipuka katika akili za watoto, na hapa linathibitishwa mbele ya macho yao. Nyama ichemshwe na iliwe siku hiyo hiyo, maana mtoto aliyengoja miezi mitatu hastahili kuambiwa boga limepelekwa ofisini. Sehemu ya mbegu ziliwe, na sehemu ianikwe kwa ajili ya darasa litakalofuata.

Kwa hiyo naiomba semina hii isiishie kwenye maazimio. Kila mshiriki achague shina moja tu la boga msimu ujao, aandike katika daftari la darasa tarehe ya kupanda, ya kuota, ya ua dume la kwanza, ya ua jike la kwanza, maua mangapi yalifungwa vifuko na yakawaje, na mbegu ngapi zilihesabiwa mwishoni, pamoja na maswali ya watoto kwa maneno yao wenyewe. Tukikutana tena, tuletane madaftari hayo tuyasome pamoja. Na mwalimu ambaye boga lake litaliwa na mbuzi mwezi wa pili asione haya kuja, alete daftari lake likiwa limeishia hapo hapo.